Chakula cha jioni cha haraka: kinapokwama, kinapoharibika, na pa kuanzia kukagua

Wanaopika nyumbani baada ya kazi hulalamikia mambo yale yale: chakula kimechelewa, mboga zimekuwa rojorojo, nyama haitafuniki, maharage yamegoma kuiva, na saa moja baada ya kula njaa imerudi. Lawama hupewa viungo au mapishi. Kagua kwanza moto, maji na mpangilio wa kazi, maana matatizo mengi huanzia hapo, na kuyarekebisha hakugharimu kitu.

Kila dalili imewekewa vyanzo vyake, kile kinachotokea mara nyingi kikitangulia. Kikombe ni mililita 250, kijiko cha chakula 15, kijiko cha chai 5. Nyuzi joto ni za Selsiasi. Sehemu ya mwisho inahusu moto, gesi na sufuria ya presha. Isome hata kama jiko lako halina shida.

Chakula cha nusu saa kinachukua saa nzima na zaidi

Kinachochelewesha zaidi ni kuanza na kazi ambayo ingeweza kungoja. Mtu anamenya vitunguu, anakata karoti, anaosha majani, halafu ndipo anabandika wali. Robo saa imeshapotea, na wali hauharakishwi. Kinachoiva polepole kitangulie motoni kabla hujashika kisu.

Chukua wali, kuku na mboga kwa watu wanne. Ukiingia jikoni, osha vikombe 2 vya mchele mweupe, bandika na vikombe 4 vya maji na chumvi kidogo. Maji yakiwa yanatafuta kuchemka, kata mboga za majani na karoti, kisha vitunguu, na kuku mbichi mwisho kabisa. Kwa mpangilio huo kibao kimoja kinatosha, na majimaji ya kuku hayafikii mboga. Kwenye dakika ya 8 wali utakuwa unachemka: shusha moto uwe mdogo kabisa, funika. Dakika ya 12 weka kikaango motoni. Gramu 500 za kuku asiye na mfupa, vipande vya sentimita 2, kaanga kwa mafungu mawili, dakika 5 kila fungu, kisha mweke pembeni. Dakika ya 23 zima wali lakini usifunue. Kwenye kikaango kile kile kaanga vitunguu dakika 3, karoti dakika 3, tia majani na mrudishe kuku kwa dakika moja au mbili za mwisho. Wali umepumzika, mboga zina rangi yake, na umechafua vyombo viwili.

Ikiwa mpangilio uko sawa na bado unachelewa, angalia nyama. Nyama iliyoganda ndiyo chanzo cha pili. Usiiache mezani iyeyuke: nje inapata joto huku ndani bado ni barafu, na bakteria hupata muda wa kuzaliana. Itie kwenye mfuko usiopitisha maji, izamishe kwenye maji baridi, badilisha maji kila baada ya dakika 30. Gramu 500 huchukua kama saa moja, na ikishayeyuka ipikwe papo hapo. Dawa ya kudumu ni kugandisha nyama ikiwa imelazwa bapa, unene usiozidi sentimita 2, badala ya donge. Donge la kilo moja halitayeyuka jioni hiyo hata ulibembeleze vipi.

Chanzo cha tatu ni ukubwa wa vipande. Kiazi kizima cha wastani kinaweza kuchukua dakika 25 au 30 kuiva. Kikikatwa vipande vya sentimita 2 huiva kwa dakika 10 hadi 12. Kisu butu nacho kinakula muda, tena ni hatari zaidi kwa sababu unalazimika kukikandamiza na kinateleza. Chanzo cha nne ni kuchemsha bila mfuniko.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, pika rojo ya vitunguu na nyanya siku yenye nafasi: vitunguu 4, nyanya 8, vijiko 4 vya mafuta, moto wa wastani mpaka mafuta yaanze kujitenga. Gawa mafungu ya kikombe kimoja, gandisha. Jioni ya siku ya kazi unaanzia hapo, na dakika 20 za kukaanga umeshazilipa mapema.

Mboga zimetoa maji, zimelainika, zimepoteza rangi

Sikiliza kikaango. Mboga zikiingia kwa kishindo cha kuchachatika kisha sauti ikafifia ndani ya sekunde chache, umezijaza. Joto limeshuka, maji yanayotoka kwenye mboga hayapati nafasi ya kuwa mvuke, na sasa unachemsha badala ya kukaanga. Kikaango cha sentimita 28 kinabeba vizuri mboga zinazofunika sakafu yake kwa tabaka moja. Zaidi ya hapo pika kwa mafungu mawili. Unadhani utachelewa, kumbe mafungu mawili yenye nafasi huwahi kuliko fungu moja lililobanana.

La pili kukagua ni unyevu. Majani yaliyotoka kuoshwa yanaingia na maji kibao. Yakung'ute, yaache kwenye chujio dakika kadhaa, au yafute kwa kitambaa safi. La tatu ni chumvi ya mapema, ambayo huvuta maji nje. Itie zikikaribia kuiva. Uyoga uache utoe maji yake na yakauke kabisa, ndipo uweke chumvi na mafuta zaidi.

Rangi ya kijani inayogeuka kuwa ya majani makavu husababishwa na muda mrefu motoni au na tindikali. Limau, siki na nyanya huharakisha badiliko hilo, kwa hiyo ndimu ikamuliwe ukishaepua. Mfuniko uliokaa muda mrefu nao una mchango, kwa kuwa tindikali inayotoka kwenye mboga kama mvuke inarudi humo humo.

Mboga za kugandishwa zisiyeyushwe kwanza. Zitie zikiwa na barafu yake kwenye kikaango kilichopata moto sawasawa, kwa kiasi kidogo kidogo. Kwa lishe hazina ubaya wowote, na siku ambayo hujapata nafasi ya kununua mboga mbichi zinakuokoa.

Wali: bokoboko, wenye kiini, au ulioshika chini

Bokoboko ni maji mengi au kukoroga. Mchele mweupe kwa sufuria ya kawaida unataka kati ya vikombe 1 na robo tatu na 2 vya maji kwa kikombe kimoja. Mchele wa kahawia 2 na nusu na dakika 40 hivi, ndiyo maana hautoshi kwa jioni ya haraka labda uwe umepikwa jana. Ukishakuwa bokoboko, mwage maji yaliyobaki, tandaza wali kwenye sinia pana, uache utoe mvuke.

Kiini ni mvuke uliotoroka. Nyunyiza vijiko 3 vya maji ya moto, funika kwa mfuniko uliofungwa kitambaa safi, moto mdogo kabisa dakika 5, zima, subiri 10.

Ulioshika chini usiukwangue. Hamisha wa juu haraka kwenye chombo kingine bila kugusa uliogandamana, maana harufu ya kuungua hupanda ukiuchokonoa.

Nyama ngumu, kuku mkavu

Malalamiko mawili, na wengi huyatibu kwa dawa moja: kuongeza muda. Kwa nusu ya kesi hiyo ndiyo sumu yenyewe.

Swali la kwanza ni kipande gani cha mnyama. Misuli iliyofanya kazi nyingi, kama mguu na shingo, ina kolajeni, protini ngumu inayoshikanisha nyama, na kolajeni hulainika kwa joto la polepole la saa mbili au tatu, au dakika 35 hadi 45 kwenye sufuria ya presha. Nyama hiyo haifai kukaangwa dakika kumi, hata uipige nyundo. Kwa jioni ya haraka tafuta nyama laini ya mgongoni, nyama ya kusaga, mayai, samaki au kuku.

Ikiwa kipande ni kile kinachofaa na bado ni kigumu, tazama mwelekeo wa nyuzi. Utaona mistari myembamba inayokwenda upande mmoja. Kisu kipite kuikata mistari hiyo, siyo kuifuata, na unene usizidi nusu sentimita. Nyama ikiwa imeganda nusu hukatika vizuri zaidi. Kukata kwa kufuata nyuzi kunampa mlaji kamba ndefu za kutafuna, na hakuna kiungo kitakachozifupisha.

Njia ya ndani zaidi ni soda ya kuokea: kijiko 1 cha chai kwenye nusu kikombe cha maji kwa gramu 350 za nyama iliyokatwa nyembamba, iloweke dakika 15, suuza vizuri, kausha, kaanga. Usizidishe kiasi wala muda, utapata ladha ya sabuni.

Kuku mkavu karibu kila mara amepitiliza. Kidari kina ncha nyembamba na upande mnene. Mnene ukiiva, ncha imeshakuwa mbao. Mgonge mpaka unene uwe sentimita 1 na nusu pande zote, mpike dakika 4 hadi 5 kila upande, mwache apumzike dakika 5. Kipimajoto cha jikoni kinamaliza ubishi: kuku nyuzi 74, nyama ya kusaga 71, samaki 63, kikichomwa sehemu nene kabisa bila kugusa mfupa. Rangi peke yake haitoshi. Kuku anaweza kuwa mweupe kabla hajafika nyuzi hizo, na anaweza kubaki na wekundu karibu na mfupa akiwa ameiva.

Nyama ikinata kwenye kikaango, chanzo ni moto mdogo, nyama yenye maji, au haraka ya kuigeuza. Ifute, subiri mafuta yaanze kucheza kikaango kikiegeshwa upande, iweke na uiache. Ikishapata ngozi ya kahawia itajiachia.

Maharage yamechemka saa mbili na bado yanagonga jino

Kwanza jiulize umetia nini kwenye maji. Nyanya, limau, siki na ukwaju huzuia ganda na kiini kulainika, kwa sababu tindikali inaimarisha gundi iliyoshikanisha chembe za mbegu. Nyanya iingie maharage yakishaminyika kati ya vidole.

Ikiwa hakukuwa na tindikali, shuku umri. Maharage yaliyokaa ghalani zaidi ya mwaka, hasa penye joto na unyevu, hugoma. Dalili zake ni ngozi iliyokunjamana na mengi yaliyopasuka. Chanzo cha tatu ni maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika: madini yake, hasa kalsiamu, yanafanya kazi ile ile ya kuimarisha gundi.

Kwa hali zote hizo, robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwa gramu 500 za maharage makavu inasaidia. Kulaumu chumvi si haki. Kuloweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha chumvi hulainisha ngozi. Mwaga maji hayo, suuza, chemsha kwa mapya.

Onyo linalopuuzwa sana: maharage mekundu mabichi yana sumu iitwayo fitohemaglutinini. Yaloweke angalau saa 5, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu, si kwa kutokota, angalau dakika 10, na kwa uhakika zaidi 30. Sufuria ya umeme inayopika polepole kwa joto la chini haitoshi kuiua. Anayekula maharage hayo nusu mabichi huanza kutapika ndani ya saa chache. Ikiwa huna muda wa haya yote jioni, tumia ya kopo, ambayo yameshapikwa, au dengu nyekundu zilizokobolewa, zinazoiva kwa dakika 15 hadi 20 bila kulowekwa.

Chumvi imezidi, au hakuna ladha kabisa

Kiazi kinachotupwa kwenye mchuzi wenye chumvi hakivuti chumvi peke yake. Kinanyonya maji yenye chumvi, na mchuzi uliobaki una ukali ule ule. Dawa ni kuongeza wingi: maji, nyanya, mboga zaidi, dengu zilizoiva, maziwa au mtindi. Tone la limau husaidia ulimi usiisikie sana, lakini chumvi imo bado mwilini mwa mlaji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai, kutoka kwenye kila anachokula. Kijiko kimoja cha chakula cha mchuzi wa soya kina zaidi ya gramu 2. Kwa hiyo ukitumia mchuzi wa soya, kiungo cha mchemraba au mboga za kopo, usitie chumvi nyingine mpaka umeonja mwishoni. Maharage ya kopo yasuuzwe kwa maji yanayotiririka.

Chakula kisicho na ladha huwa kimekosa tindikali kabla ya kukosa chumvi. Chota kijiko kimoja pembeni, kamulia tone la ndimu, onja. Kikichangamka, umepata jibu. Kama sivyo, vitunguu vilipewa dakika mbili badala ya nane, au viungo vya unga vilitiwa kwenye maji. Bizari na giligilani zinataka sekunde 30 hadi 60 ndani ya mafuta ya moto, kabla ya kitu chochote cha majimaji kuingia. Kitunguu saumu kifuate vitunguu, kisitangulie, maana kinaungua upesi na uchungu wake hautoki.

Mmekula vizuri, saa moja baadaye watu wanarudi jikoni

Pima sahani kwa macho. Ikiwa zaidi ya nusu ni wali, tambi au mkate mweupe, ndiyo sababu. Nusu ya sahani iwe mboga, robo protini, robo wanga, ikiwezekana wa nafaka isiyokobolewa. Kwa mtu mzima protini ya mlo mmoja ni kama mayai 2 hadi 3, kipande cha samaki cha gramu 120, au kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva. Saladi tupu nayo ni kosa la upande wa pili: ina nyuzinyuzi na maji lakini haina kinachokaa tumboni. Iongezee mayai, dengu au karanga, na kijiko cha mafuta.

Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au ujauzito wenye matatizo asijirekebishie sahani kwa maelezo ya jumla kama haya. Kwa figo, hata kuongeza protini au maharage kunaweza kudhuru. Hapo anatakiwa daktari au mtaalamu wa lishe.

Kiporo kina wasiwasi, au tumbo limeanza kuuma

Chakula kilichokaa nje zaidi ya saa 2 kitupwe, hata kama kinanukia vizuri. Bakteria wengi wanaoumiza hawabadilishi harufu wala ladha. Wali unahitaji uangalifu zaidi. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, huamka wali ukikaa vuguvugu, na sumu wanayotengeneza haiondolewi na kupasha moto. Tandaza wali upoe upesi, uingie friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu mpaka utoe mvuke kote. Viporo vingine hukaa siku 3 hadi 4 kwenye friji yenye nyuzi 5 au chini. Sufuria nzima ya mchuzi isiingizwe ilivyo, katikati yake hupoa kwa saa nyingi. Igawe kwenye vyombo vifupi.

Aliyekwisha kuumwa anywe maji ya kutosha, bora yenye chumvi za kurudisha maji mwilini. Acha kujitibu na uende hospitali ukiona damu kwenye kinyesi, homa inayozidi nyuzi 38.9, kutapika kusikoruhusu hata maji kukaa, mkojo kupungua sana, au kuhara kunakozidi siku 3. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee na mwenye kinga dhaifu wasingoje dalili hizo zikamilike.

Moto, gesi na presha: hapa ndipo pa kuacha

Mafuta yakianza kutoa moshi, zima na usubiri. Yakishika moto, zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko wa chuma, usiinue mpaka ipoe kabisa. Maji hapana, kubeba sufuria hapana. Moto ukishapanda juu ya sufuria au kufikia pazia, toa watu, funga mlango, piga simu zimamoto. Aliyeungua apoozwe kwa maji baridi yanayotiririka dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Kidonda kikubwa kuliko kiganja chake, au kilicho usoni, mkononi au kwenye kiungo, ni cha hospitali.

Mwali wa gesi uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi, matundu ya jiko yameziba kwa chakula kilichomwagika: jiko likiwa limepoa, toa vifuniko vyake, osha, zibua kwa sindano, kausha. Ukibaki wa njano, acha kulitumia umwite fundi, kwa sababu gesi isiyoungua vizuri hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikianza mnapopika, tokeni nje wote kwanza. Jiko la mkaa halifai ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika kumi.

Ukisikia harufu ya gesi, funga valvu ya mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toka. Kagua uvujaji kwa povu la sabuni tu, kamwe si kwa kiberiti. Mpira wenye nyufa au regulata inayovuja havibandikwi gundi, vinabadilishwa.

Sufuria ya presha inayotoa mvuke pembeni mara nyingi ina uchafu kwenye mpira wa mfuniko. Toa, osha, kagua kama umekauka au kupasuka. Mpira ukiwa mzima na bado haijengi presha, zibua tundu la mvuke na uhakikishe kuna maji ya kutosha. Usiijaze zaidi ya theluthi mbili, na kwa maharage, dengu na nafaka usizidi nusu, maana povu lake ndilo linaloziba tundu. Mfuniko unaokataa kufunguka haulazimishwi: zima moto, subiri presha ishuke yenyewe. Ikiwa valvu ya usalama imefyatuka, imelegea, au mfuniko umepinda hata kidogo, usiiwashe tena mpaka fundi abadilishe kifaa hicho kwa kile kilichotengenezwa kwa sufuria hiyo hiyo.